Sura ya Sita: Mvuke wa Jakuzi

Februari 1999, katika mji mdogo wa Bovenkarspel nchini Uholanzi, yalifanyika maonyesho makubwa ya maua yaitwayo West-Friese Flora. Kwa siku 10, watu 77,061 walipita kwenye kumbi zake. Walikuja kuona maua, na kwa kuwa penye umati hapakosi biashara, wauzaji wa bidhaa za nyumbani nao walikuwa wamepanga mabanda yao. Katika ukumbi wa 3 na ukumbi wa 4 kulikuwa na majakuzi yaliyojazwa maji ya moto, pampu zikizunguka na mapovu yakipanda, ili mteja ajionee yanavyofanya kazi. Yaliwekwa yatazamwe tu. Hakuna aliyetarajiwa kuvua nguo na kuingia.

Haukupita muda, hospitali ya mji jirani wa Hoorn ikaanza kupokea wagonjwa wa nimonia kali kwa idadi isiyo ya kawaida. Walikuwa wageni wa maonyesho yale yale. Hatimaye walihesabiwa wageni 188 waliougua. Kati yao 133 walithibitishwa kwa vipimo. Zaidi ya 20 walifariki. Wachunguzi walipochukua sampuli za maji, walimkuta bakteria aitwaye Legionella pneumophila kwenye majakuzi yote mawili, na aina mojawapo ililingana kinasaba na bakteria waliooteshwa maabara kutoka kwa wagonjwa 28 kati ya 29. Waliosimama kidogo mbele ya jakuzi la ukumbi wa 3 ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kosa lao lilikuwa kusimama na kutazama.

Miaka 20 baadaye mambo hayo yalijirudia Marekani. Septemba 2019, kwenye maonyesho ya kilimo ya North Carolina yaliyofanyika Fletcher, watu zaidi ya 130 waliugua na 4 wakafariki. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye ukumbi uliokuwa na majakuzi ya kuuzwa, nayo yakiwa yamewashwa kwa ajili ya wapita njia.

Ninaanza na vifo hivi kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia maji machafu tunafikiria tumbo: kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo. Kwa jakuzi, mlango mkubwa wa hatari ni pua. Kila povu linapopasuka juu ya maji hurusha hewani matone madogo mno, ambayo jicho halioni ila kama ukungu mwepesi. Matone hayo huvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana mtu anaweza kuuguzwa na jakuzi ambalo hajaligusa hata kwa kidole.

Bakteria huyu alipata jina lake kwa msiba mwingine. Julai 1976, wanachama wa American Legion, chama cha askari wastaafu wa Marekani, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Washiriki 182 waliugua na 29 wakafa, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua kwa nini. Ni Januari 1977 ndipo Joseph McDade, mtaalamu wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, alipombaini bakteria mwenyewe. Hakuwa mgeni duniani. Huishi kwenye mito, maziwa na udongo wenye unyevu, kwa idadi ndogo isiyomdhuru mtu. Anachohitaji ili azaane ni maji vuguvugu, kati ya nyuzijoto 25 hivi na 45, na mahali pa kujibanza. Jakuzi huwekwa kwenye nyuzi 37 hadi 40, na mabomba yake yamejaa mahali pa kujibanza.

Hapa panahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana ndipo wasafishaji wengi wanapopotea. Ndani ya mabomba ya jakuzi, pale nyuma ya matundu ya kupulizia ambako mkono haufiki, hujengeka utando wa ute unaoteleza. Ute huo ni makazi. Bakteria hutoa gundi inayowashikamanisha na ukuta wa bomba, na dawa inayopita juu huua walio nje huku walio chini wakisalimika. Humo humo huishi ameba, ambao kazi yao ni kula bakteria. Legionella akimezwa na ameba hafi: huzaana ndani yake hadi kumpasua. Ndivyo pia anavyozifanyia seli za kinga ndani ya mapafu ya binadamu. Kwa hiyo unaweza kumwaga dawa asubuhi, maji yakang'aa mchana kutwa, na jioni ukiwasha pampu ya mapovu, vipande vya utando vikabanduka na kutoka pamoja na hewa.

Inafaa pia kutenganisha vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Jacuzzi ni jina la ukoo wa Wataliano waliohamia California na kutengeneza pampu za visima. Mwaka 1956 walitoa pampu ya kuzamisha kwenye beseni la kuogea, iliyotokana na juhudi za Candido Jacuzzi za kumpunguzia maumivu mwanawe Kenneth, aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi akatengeneza beseni lenye matundu yake ndani. Beseni la namna hiyo, ambalo utalikuta bafuni hotelini, hujazwa, mtu mmoja akaoga, likamwagwa. Lile la nje, la kukaa watu wanne au sita, hubaki na maji yale yale kwa wiki nzima au zaidi, yakizungushwa kwenye chujio na hita. Sura hii inahusu hasa hili la pili, ingawa la kwanza nalo lina mabomba yanayobakiza maji yakishafungwa, na likikaa mwezi bila mtu, maji hayo hulala humo.

Tufanye hesabu kidogo. Jakuzi la kawaida la nje huchukua lita 1,500 hivi. Wakiingia watu wanne, kila mmoja ana lita 375. Sasa chukua bwawa la kuogelea la hoteli lenye lita 450,000. Ili kila mwogaji abaki na lita 375, itabidi waingie watu 1,200 kwa pamoja. Hakuna meneja atakayekubali, lakini watu wanne ndani ya jakuzi hatuoni ajabu. Nao hawaji mikono mitupu: wana jasho, mafuta ya ngozi, mafuta ya nazi au ya kujikinga na jua, dawa ya nywele, sabuni iliyobaki kwenye nguo za kuogelea. Joto linawatoa jasho zaidi. Vyote hivyo hula klorini. Joto lenyewe huimaliza haraka, mapovu huitoa hewani, na jua la mchana huivunja. Dawa ambayo bwawani ingetosha siku nzima, kwenye jakuzi yaweza kwisha kabla kundi la pili halijaingia. Kuoga kwa maji na sabuni kabla ya kuingia, hata kwa dakika moja, huokoa dawa nyingi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na ni bure.

Kwa sababu hiyo kiwango cha jakuzi ni kikubwa kuliko cha bwawa. Wataalamu wa afya wa Marekani hushauri klorini huru isipungue miligramu 3 kwa kila lita, ilhali bwawani miligramu 1 hukubalika. Anayetumia bromini asishuke chini ya 4. Maji yasizidi nyuzi 40. Na pH, yaani kipimo cha uchachu na ubesi wa maji, ibaki kati ya 7.2 na 7.8.

Hiyo pH ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye siri ya kazi yote. Klorini ikishaingia majini hugawanyika sehemu mbili: moja ina nguvu ya kuua, nyingine ni dhaifu mno. pH ikiwa 7, karibu robo tatu ya klorini iko upande wenye nguvu. Ikiwa 7.5, ni kama nusu. Ikifika 8, imebaki robo hivi. Kipimo chako cha klorini kitasoma 3 mara zote tatu, nawe utaridhika, kumbe mara ya tatu maji yana ulinzi mdogo sana. Na jakuzi lina tabia ya kupandisha pH lenyewe, kwani mapovu hufukuza hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini. Kila saa pampu ya hewa inapofanya kazi, pH inapanda taratibu. Hushushwa kwa chumvi ya asidi iuzwayo kwa kazi hiyo, kidogo kidogo, huku ukipima. Ikicheza mno, leo juu kesho chini, tatizo liko kwenye alkali ya maji. Iwekwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita kwa kuongeza magadi ya kupikia, na pH itatulia.

Bromini huvumilia pH ya juu vizuri zaidi, ndiyo maana wengi huipendelea kwa maji ya moto. Udhaifu wake ni jua. Kwenye jakuzi lililo chini ya paa ningechagua bromini. Kwenye lile lililo wazi uani, klorini yenye kupimwa mara kwa mara.

Lakini klorini ipi? Hapa nina maoni makali. Vidonge vikubwa vyeupe vya bwawa, vile vinavyoyeyuka polepole, na hata unga wake unaoyeyuka haraka, vimechanganywa na asidi ya sianuriki. Kazi ya asidi hiyo ni kuikinga klorini isivunjwe na jua, na bwawani ina faida. Ubaya wake ni kwamba haiishi. Klorini inatumika na kuondoka, asidi inabaki na kujilimbikiza. Kwa unga huo, kila miligramu 1 ya klorini huleta karibu miligramu 0.9 ya asidi. Ukitia miligramu 3 kila siku kwa mwezi, utakuwa umekusanya miligramu 80 kwa lita. Kwa kiasi hicho klorini inakuwa imefungwa mikono, na inachukua muda mrefu zaidi kuua kile kile ilichokuwa ikikiua upesi. Ushauri wa afya uko wazi: dawa zenye asidi hiyo zisitumike kwenye jakuzi. Tumia hipokloriti ya kalsiamu, ile klorini ya chengachenga, au ya maji. Kwa lita 1,500, kupandisha klorini kwa miligramu 3 kunahitaji gramu 7 tu za chengachenga zenye nguvu ya asilimia 65. Hizo ni chache mno kukisiwa kwa kiganja. Nunua mizani ndogo ya jikoni.

Unga huyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji: maji yatangulie, unga ufuate. Ukimwagia maji juu ya unga, au ukitumia kikombe kile kile ulichochotea vidonge vya aina nyingine, dawa hizo zinaweza kulipuka au kutoa gesi ya sumu. Asidi na klorini zihifadhiwe mbalimbali, mbali na watoto, mahali pakavu penye hewa. Katika kazi hii yote, chumba cha dawa ndicho kinachoweza kumuua fundi kwa dakika chache.

Sasa kupima, kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Zima mapovu, subiri maji yatulie. Ingiza kichupa mdomo ukiwa chini, kina cha kiwiko, mbali na tundu linaloleta maji yaliyochujwa, kisha kigeuze humo humo kijae. Ukichota juu juu unapima ngozi ya maji, na ukichota mbele ya tundu unapima dawa iliyotoka kutiwa. Jaza mililita 10, tia kidonge cha kwanza cha kupimia klorini, kiponde bila kukigusa kwa vidole, tikisa. Maji yatageuka waridi. Linganisha na kadi ya rangi mchana, kivulini. Waridi hafifu ni klorini kidogo, na ikikolea ni nyingi. Kisha tia kidonge cha pili kwenye kichupa hicho hicho. Rangi ikikolea zaidi, tofauti hiyo ndiyo klorini iliyochoka, iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo na kuwa kloramini. Harufu ile kali inayowafanya watu waseme hapa klorini imezidi ni ya kloramini hizo, na ndizo zinazowasha macho. Mara nyingi dawa yake ni kuongeza klorini ya kutosha kuziunguza, mfuniko ukiwa wazi na watu wakiwa nje, au kumwaga maji na kuanza upya.

Kuna mtego mmoja ambao kila mhudumu wa bwawa anapaswa kuujua. Klorini ikizidi sana, huipausha rangi ya kipimo chenyewe. Unatia kidonge, waridi linatokea kufumba na kufumbua halafu linatoweka, na kichupa kinabaki cheupe kana kwamba hamna klorini kabisa. Asiyejua huongeza dawa. Anayejua huchukua sehemu moja ya maji ya jakuzi, akaichanganya na sehemu nne za maji safi yasiyo na klorini, akapima tena na kuzidisha jibu kwa 5. Kwa jakuzi la nyumbani, pima kabla ya kila matumizi. Kwa la hoteli, pima mara kadhaa kwa siku, na kila jibu liandikwe daftarini pamoja na saa na jina la aliyepima.

Maji nayo huchakaa. Hata dawa ikiwa sawa, chumvi na mabaki ya waogaji huongezeka hadi dawa ishindwe. Kanuni itumikayo ni rahisi: gawanya lita za jakuzi kwa 11, kisha kwa idadi ya waogaji wa siku moja; jibu ni siku za kukaa na maji hayo. Lita 1,500 kwa watu 4 ni siku 34. Jakuzi hilo hilo likipokea wageni 20 kwa siku, maji yamekwisha kazi ndani ya wiki. Siku ya kumwaga ndiyo siku ya mabomba: kabla ya kufungua koki, tia dawa ya kuondoa utando na uendeshe pampu zote, pamoja na ya hewa, ambayo mara nyingi husahaulika. Utaona povu la kahawia likitoka kwenye matundu ya jakuzi uliloliamini kuwa safi. Kisha mwaga, sugua kuta na mstari wa maji, toa chujio ulioshe kati ya mikunjo yake, jaza na utie dawa kabla mtu hajaingia.

Kwetu pwani kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni tangi. Maji yanayokaa kwenye tangi jeusi juu ya paa Unguja au Diani hushinda kwenye joto ambalo Legionella hulipenda, kabla hata hayajafika kwenye hita. Tangi liwe na mfuniko unaobana, lisafishwe, na maji yatiwe klorini mapema. La pili ni msimu wa masika. Nyumba za wageni hukaa wiki kadhaa bila mtu, umeme umezimwa kubana matumizi, jakuzi limefunikwa na maji yake ndani. Mgeni wa kwanza anapopiga simu, mtu hukimbia kuwasha hita na pampu. Maji hayo yasiwashwe mapovu hata dakika moja. Yamwagwe kwanza, mabomba yasafishwe. Kama jakuzi halitatumika, bora likaushwe kabisa tangu mwanzo.

Usalama hauishii kwenye dawa. Mwaka 2002 huko Virginia, mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alinaswa na nguvu ya kunyonya ya tundu la chini la jakuzi. Mama yake hakuweza kumvuta. Wanaume wawili ndio waliomtoa, baada ya kifuniko cha tundu kuvunjika, na akafariki. Mama huyo alipigania sheria iliyopitishwa mwaka 2007 kwa jina la mwanawe, inayodai vifuniko visivyonasa. Kifuniko kikiwa kimepasuka au kimelegea, jakuzi lifungwe siku hiyo hiyo. Watoto chini ya miaka 5 wasiingie kabisa. Mjamzito azungumze na daktari wake kwanza, na aliyekunywa pombe akae nje, kwani joto na pombe humfanya mtu asinzie majini.

Mgeni naye ana haki ya kuuliza. "Kaka, maji haya yamepimwa saa ngapi leo?" ni swali la heshima, na mhudumu anayeijua kazi yake hulifurahia na kukuonyesha daftari. Shika ukuta wa jakuzi chini ya mstari wa maji. Ukiteleza, usiingie, wala usikae karibu likiwa limewashwa. Vipele vyekundu vinavyowasha, hasa mahali nguo ya kuogelea ilipobana, vikitokea ndani ya siku chache, huwa vinatokana na bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa; kwa wengi huisha vyenyewe, lakini ni taarifa ya kumpelekea mwenye jakuzi siku hiyo hiyo, maana dawa yake imekwisha.

Homa ni jambo jingine. Ugonjwa wa Legionella hujitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya mtu kuvuta ule ukungu, na huwapiga zaidi waliozidi miaka 50, wavutaji wa sigara, na wenye mapafu au kinga dhaifu. Huja na homa kali, kikohozi, kupumua kwa shida, maumivu ya misuli, wakati mwingine kuhara na kuchanganyikiwa. Dawa za jamii ya penisilini hazimfikii bakteria huyu, kwa sababu hujificha ndani ya seli. Zipo nyingine zinazomfikia, na zikianzwa mapema huokoa maisha. Daktari hataziwaza asipojua ulikokuwa. Mwambie: "Daktari, wiki iliyopita nilikaa karibu na jakuzi," hata kama hukuingia.